Sura ya 6: Plastiki Iliyochacha

Fundi aliinusa kabla hajaigusa. Nilikuwa nimemwekea redio mezani, nimefungua kitambaa nilichoivingirishia, nikisubiri kusifiwa kwa kupata chombo kama kile. Yeye akainama, akasogeza pua kwenye wavu wa spika kama mtu anayepima maziwa ya jana, akainuka.

"Mwanangu," akasema, "hii imechacha."

Nikacheka. Kinachochacha ni uji, ni tui lililosahaulika usiku kucha, ni maharage yaliyofunikwa yangali ya moto. Plastiki huchachaje? Akaniambia ninuse mwenyewe. Nikanusa, nikaacha kucheka. Haikuwa harufu ya vumbi, wala ya mende, wala ya waya ulioungua. Ilikuwa siki, ileile ya kwenye achari, dhaifu lakini isiyo na shaka.

Redio yenyewe ni ya Kimarekani, ya mezani, ya miaka ya 1940, niliyoinunua kwa muuza vitu vya kale Mombasa. Kasha lake la rangi ya kahawa lilikuwa zima. Pembe zimekaa sawa, na ukilipangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo linang'aa kama kiatu cha Idi. Ila uso wake, ule wavu wa rangi ya maziwa uliofunika spika, ulikuwa umebenuka kama kifua cha njiwa, na sikio moja la kupitishia skrubu lilikuwa limekatika. Fundi alichukua bisibisi, akafungua skrubu iliyosalia, akakilaza kipande juu ya kioo cha meza yake. Ncha mbili ziligusa kioo, katikati ikabaki hewani. Nikapima kwa rula: milimita 11. Ningeweza kupitisha kidole chini yake.

Kasha na wavu vilitoka kiwanda kimoja, vikakaa nyumba zilezile, vikapigwa na joto lilelile kwa zaidi ya miaka 70. Kimoja bado kimenyooka kama siku kilipofungwa kwenye boksi, na cha pili kimejikunja kikakataa hata kurudi mahali pake. Watu husema "plastiki" kana kwamba ni kitu kimoja. Redio ile ilikuwa na plastiki mbili zisizo na undugu wowote.

Tuanze na ile iliyosimama. Leo Baekeland alizaliwa mwaka 1863 huko Ghent, Ubelgiji, mtoto wa fundi viatu. Alisoma kemia, akahamia Marekani mwaka 1889, akatajirika kwa karatasi ya picha aliyoibuni na kuiuza kwa George Eastman, kisha akajifungia kwenye maabara yake Yonkers, kaskazini ya jiji la New York. Alikuwa akitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya shelaki, utomvu wa wadudu wa India uliotumika kukingia nyaya za umeme. Viambato vyake vilikuwa viwili, fenoli na formaldehidi. Wanakemia waliomtangulia walikwisha kuvichanganya, na walichopata ni uchafu mgumu uliogandia chupani, hautoki kwa moto wala kwa dawa, wakatupa chupa na kilichomo. Baekeland aliutazama uchafu uleule akaona bidhaa. Kitu kisichoyeyuka kwa moto wala kwa dawa si ndicho alichokuwa akikitafuta? Mwaka 1907 aliombea hataza njia yake ya kuupika kwa joto na mgandamizo ndani ya chungu cha chuma kilichofungwa, na mwaka 1909 akautangaza mbele ya wanakemia wenzake kwa jina la Bakelite.

Siri ya Bakelite ni kwamba hupikwa mara moja tu. Unga wake hutiwa kwenye kalibu ya moto, hubanwa kwa nguvu, hulainika kidogo, halafu molekuli zake hushikana mikono kila upande mpaka kipande kizima kinakuwa kama molekuli moja kubwa. Baada ya hapo hakuna kurudi. Ni yai. Yai lililochemshwa hata ukilichemsha tena kutwa nzima, ute haurudi. Kasha la Bakelite litapasuka ukiliangusha, litaungua ukiliweka motoni, litapauka likikaa juani hadi unga wa mbao uliochanganywa ndani uanze kuonekana. Kulainika na kupinda si tabia yake. Ndiyo maana redio nyingi za miaka ya 1930 bado zinatutazama zikiwa na sura zilezile: ile ya duara ya Ekco, AD65 ya mwaka 1934, iliyosanifiwa na Wells Coates kwa kiwanda cha E. K. Cole pale Southend, Uingereza. Au Volksempfänger ya Wajerumani ya mwaka 1933, iliyouzwa Reichsmark 76 ili sauti ya serikali ya Hitler ifike kila sebule. Serikali ile ilianguka mwaka 1945. Makasha yake bado hayajapinda.

Bakelite ilikuwa na kasoro moja ambayo wauzaji hawakuisamehe: ilikuwa nyeusi au kahawia, basi. Resini yenyewe huwa na rangi ya asali na huzidi kukolea kadiri siku zinavyokwenda, na ule unga wa mbao unaoipa nguvu huifanya iwe nzito isiyopitisha mwanga. Ukitaka rangi ya maziwa, ya pembe, ya waridi, hupati. Na redio, ikishaingia sebuleni, ni samani. Inashindana na mapazia. Basi wasanifu wakaliacha kasha liwe la Bakelite, na mapambo, yaani wavu wa spika, fremu ya kioo cha stesheni, vitufe na vinobu, wakayatafutia plastiki nyingine.

Kulikuwa na seluloidi, mkongwe wa ukoo mzima. John Wesley Hyatt aliipatia hataza Marekani mwaka 1870, akiwa anatafuta mbadala wa pembe za ndovu kwa ajili ya mipira ya biliadi. Nitie neno hapa, maana jambo hili linatuhusu: pembe nyingi zilizokuwa zikichongwa vibonye vya piano kwenye viwanda vya Connecticut katika karne ile zilipitia bandari ya Unguja. Seluloidi hutengenezwa kwa pamba iliyolowekwa kwenye asidi ya nitriki, kisha ikalainishwa kwa kafuri, ambayo sisi pwani tumeipa jina la karafuumaiti kwa sababu tunaijua kutoka kwenye kuosha maiti. Ukifungua redio ya zamani yenye kioo cha stesheni cha seluloidi, harufu hiyo hukupokea mlangoni. Kafuri hutoka taratibu, kioo kinakuwa cha manjano, kinasinyaa, kinakatika. Tena kinashika moto upesi mno. Kwa kitu kinachokaa karibu na valvu za moto, hilo si dogo.

Aliyechukua kazi hiyo ni ndugu yake mpole, asetati ya selulosi. Hii nayo ni pamba, au massa ya mbao, ila badala ya asidi ya nitriki hutiwa asidi ya siki mpaka siki hiyo inashikamana na nyuzi zenyewe. Haiwaki kama seluloidi. Inapokea rangi yoyote, na inang'aa bila kusuguliwa. Zaidi ya yote, huyeyuka kwa joto na kuganda kwa baridi kama mafuta ya nazi: asubuhi ya Julai yameganda kwenye chupa, mchana ni maji, usiku yameganda tena. Kwa mwenye kiwanda hiyo ni neema. Kalibu ya Bakelite lazima isubiri dakika kadhaa kipande kiive. Asetati hupigwa bomba ndani ya kalibu ya baridi, na baada ya muda mfupi kipande kinatolewa na kingine kinaingia. Kufikia miaka ya 1930 Tennessee Eastman ya Kingsport, kampuni tanzu ya Kodak, ilikuwa ikiiuza kwa jina la Tenite. Ilifanywa usukani wa magari, fremu za miwani, mipini ya bisibisi. Na nyuso za redio.

Sasa rudi kwenye ule wavu juu ya kioo cha fundi.

Redio ya Kimarekani ya aina ile ina valvu tano, na mafundi wa kule waliipa mpangilio huo jina la heshima, "Watano wa Amerika Yote". Kwa kawaida ni 12SA7, 12SK7, 12SQ7, 50L6 na 35Z5. Nambari ya mwanzo ya kila moja ni volti inazohitaji kwa nyuzi za kupashia moto: tatu zinataka kama 12 na nusu kila moja, nyingine 50, nyingine 35. Zijumlishe, unapata takriban 122, karibu sawa na umeme wa nyumba za Marekani. Kwa hiyo hakuna transfoma. Valvu zinafungwa mkufu mmoja, zinachomekwa ukutani moja kwa moja, na redio inauzwa rahisi. Ni ujanja mzuri, ingawa chasisi ya redio hizo inaweza kuwa na umeme kamili na kumrusha mtu. Mkufu ule unapitisha ampia 0.15, yaani wati 18 za kupasha valvu tu. Redio nzima inakula kama 30. Karibu zote zinaishia kuwa joto, ndani ya kasha dogo kuliko boksi la viatu. Nami, niliyelazimika kuipa transfoma ya kushusha 240 zetu ndipo iwake, niliingiza kipimajoto kupitia nyuma. Baada ya saa moja ya taarifa na taarab, hewa iliyo nyuma ya wavu ilikuwa nyuzi 58 za selsiasi. Nje, chumbani, 30.

Asetati haipendi nyuzi 58. Haiyeyuki, lakini inaanza kulegea. Na kabla ya kulegea, inatanuka. Hapa ndipo nilipokaa na penseli, kwa sababu sikuamini kwamba kutanuka kusikoonekana kwa jicho kunaweza kuzaa nundu ya kupitisha kidole. Katikati ya tundu la skrubu moja na la pili kwenye kasha kuna milimita 184. Asetati hutanuka takriban mara tatu ya Bakelite. Joto likipanda nyuzi 30, wavu unahitaji nafasi zaidi ya ile ambayo kasha linaweza kuupa, na upungufu huo ni kama nusu milimita tu. Nusu milimita, unene wa kucha! Lakini wavu umebanwa kwa skrubu kulia na kushoto, hauna pa kwenda. Tandika mkeka kati ya kuta mbili, kisha usukume ncha moja upana wa kidole. Katikati haipandi upana wa kidole. Inapanda vya kutosha paka kupita chini. Ndiyo hesabu ya upinde: nusu milimita ya ziada kwenye urefu wa 184 huinua katikati milimita 5 hadi 6.

Jioni redio inazimwa, wavu unapoa ukiwa umebenuka. Kama ungekuwa chuma ungerudi. Lakini ulikuwa umelegea, na kitu kilicholegea kikipoa kinashika umbo lililopo. Haurudi wote. Unabakiza kidogo. Kesho jioni kuna taarifa ya habari tena.

Hiyo ni nusu ya kwanza ya mkasa. Nusu ya pili inakwenda kinyume. Asetati tupu ni ngumu na kavu mno kwa kazi ya kalibu, kwa hiyo kiwandani huchanganywa na kilainishi, mafuta mazito yanayoingia kati ya molekuli na kuzifanya ziteleze. Robo ya uzito wa kipande inaweza kuwa kilainishi. Ni mafuta ya kwenye chapati. Na chapati iliyoachwa wazi tunajua hufanya nini: mafuta na maji yanaikimbia, inakauka, inapungua, kingo zinajikunja. Kilainishi nacho huhama, mwaka baada ya mwaka, kwa kasi zaidi upande unaopigwa na joto. Mgongo wa wavu, unaotazamana na valvu, unapungua kabla ya uso unaomtazama msikilizaji. Seremala yeyote aliyewahi kununua mbao mbichi atamaliza mwenyewe maelezo haya: upande uliokauka zaidi ndio unaovuta, na ubao unabenukia upande wa pili.

Nilichukua uzi, nikaupitisha juu ya mgongo wa kile kipande kutoka tundu hadi tundu, nikafuata kila bonde lake, kisha nikaunyoosha kwenye rula. Milimita 179. Tano zimepotea. Wavu ambao kwa miaka ya kwanza ulikuwa mrefu kuliko nafasi yake kila ulipopata moto, uzeeni ulikuwa mfupi kuliko nafasi yake saa zote, na zile skrubu mbili bado zimekaza. Ndipo sikio likakatika. Halikugongwa na mtu. Lilivutwa, pole pole, hadi likaachia.

Watu wanaokusanya redio hizi huilaumu plastiki, nami huwa nasema tuzigawie lawama skrubu. Kipande kile kilikuwa na haja mbili maishani mwake, kutanuka na kusinyaa, na aliyekifunga alikinyima zote mbili kwa matundu mawili ya mviringo yaliyolingana kamili na skrubu zake. Matundu marefu kidogo, umbo la punje ya tende, yangetosha. Lakini redio iliyouzwa kwa dola chache haikusanifiwa kwa ajili ya wajukuu.

Na siki? Siki ile iliingia kiwandani, sasa inatoka. Unyevu wa hewani unapenya kwenye asetati na kuing'oa asidi iliyoshikamana na nyuzi za pamba. Asidi iliyong'oka haiendi mbali. Inabaki ndani na kusaidia kung'oa nyingine, na hizo mbili zinang'oa nyingine tena. Ni riba juu ya riba. Kwa miaka mingi huoni chochote, kisha ghafla kipande kinanuka, kinatoka jasho la mafuta juu, kinapasuka. Joto na unyevu ndivyo vinavyoharakisha. Filamu za sinema za asetati, zilizoletwa kuchukua nafasi ya seluloidi iliyokuwa ikiunguza majumba ya sinema, zilipatwa na ugonjwa uleule, na taarifa ya kwanza iliyofika Kodak, katika miaka ya 1950, haikutoka New York wala London. Ilitoka kwa serikali ya India, iliyokuwa imezihifadhi kwenye joto na unyevu. Mtu wa Mombasa au Tanga hashangai. Pwani hata chumvi inalia maji.

Kosa kubwa la mwenye kipande kama hicho ni kukifungia. Mkono unataka kukitia kwenye mfuko wa nailoni, kwenye bati lenye kifuniko, ili "kisiharibike". Huko ndani mvuke wa siki hauna pa kutokea. Mchongaji Naum Gabo alitengeneza kazi zake kadhaa kwa plastiki za aina hii katika miaka ya 1920 na 1930. Mojawapo, iliyokuwa ikitunzwa kwa heshima ndani ya kabati la kioo kwenye jumba la sanaa la Philadelphia, ilipinda na kuachana vipandevipande humohumo kabatini.

Ningeweza kuishia kwenye asetati, lakini ukiwataja wakusanyaji wa redio za Kimarekani bila kutaja Catalin watakununia. Catalin ni binamu wa Bakelite, fenoli na formaldehidi vilevile, ila haina unga wa mbao. Humiminwa kama asali kwenye kalibu za risasi, halafu huivishwa kwa moto mdogo kwa siku kadhaa. Matokeo yake yanapitisha mwanga kidogo, yana mawimbi ndani kama marumaru. Fada waliifanyia redio yenye umbo la risasi ya bunduki mwanzoni mwa miaka ya 1940. Emerson, mwaka 1940, walitoa Patriot iliyosanifiwa na Norman Bel Geddes kwa rangi za bendera yao. Leo ile nyeupe ya bendera imekuwa rangi ya siagi, na ile Fada iliyouzwa ikiwa buluu inaonekana kijani, maana uso wote umeshika unjano juu ya buluu. Catalin haipindi kama Tenite. Inasinyaa. Maji yaliyonaswa ndani yake wakati wa kuivishwa yanaondoka taratibu, kasha linakaza, na kuna redio za Catalin ambazo chasisi haitoki tena: nguo imepungua mwenye nguo akiwa ndani. Ukilazimisha, linapasuka, mara nyingi pale juu, mahali valvu zimekuwa zikilichoma kwa miongo.

Nami nikiyasoma haya yote huwa nawaza juu ya redio moja iliyosanifiwa kwa ajili ya Afrika, na ambayo haina ugonjwa hata mmoja kati ya haya. Mwaka 1949, Harry Franklin, mkuu wa habari wa serikali ya kikoloni ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, alitaka redio ambayo Mwafrika wa kawaida ataweza kuinunua ili asikilize kituo cha Lusaka. Ilitengenezwa Uingereza na Ever Ready, ikauzwa pauni 5, na betri yake kavu mbali. Kasha lake lilitokana na sufuria, kwa maana halisi ya neno, na ndilo lililoipa jina, Saucepan Special. Valvu za betri hazipati moto wa kutisha, na sufuria haijali. Wala haikuwa nzuri sana kuitazama. Wenye Fada zao wangeicheka.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Nilitaka kuunyoosha ule wavu, na fundi, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuona wengi, aliniacha nijaribu. Nilitia maji ya moto kwenye beseni, si ya kuchemka, nikauloweka hadi ukalegea mkononi kama ngozi ya embe, nikaubana kati ya mbao mbili na kuziwekea tofali. Asubuhi ulikuwa umenyooka kama rula! Nikaenda kumwonyesha. Akautazama, akasema, "Vizuri. Niletee tena baada ya mwezi." Baada ya wiki tatu ulikuwa umeinuka milimita 7. Maji hayakuurudishia kilainishi kilichotoka, na ule mgongo uliosinyaa bado ulikuwa mfupi kuliko uso. Juu ya hayo, nilikuwa nimekichukua kitu kinachoharibiwa na unyevu na joto, nikakitia kwenye maji ya moto.

Wengine hutengeneza kalibu ya silikoni juu ya kipande cha zamani na kumimina resini mpya. Ni kazi safi, ila ukinakili mzee aliyepungua unapata kijana mfupi. Nakala yangu ingekuwa na milimita 179 zilezile. Ikabidi kipande kichorwe upya kwenye kompyuta, kikuzwe kwa asilimia 2.8, kisha kichapishwe kwa printa ya 3D. Kijana aliyenifanyia kazi hiyo alitumia plastiki ya PLA, iliyo rahisi na maarufu kuliko zote kwa printa hizo. Ulitoka wavu mzuri mno, rangi ya maziwa hasa. Nikaufunga, nikawasha redio saa kumi alasiri. Saa mbili usiku ulikuwa umebenuka.

Fundi alipousikia mkasa huo alicheka hadi akavua miwani. PLA huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, tena hutengenezwa kwa wanga wa mimea, mahindi mara nyingi. Miaka karibu 80 baada ya pamba ya Tenite nilikuwa nimerudi shambani kutafuta plastiki, nikaleta ileile tabia.

Wavu wa tatu ni wa ABS, ambayo huvumilia hadi nyuzi 100 na ushee. Safari hii nilimwomba kijana asichore matundu ya mviringo. Fundi akayakagua kwa ncha ya msumari, akaona hayatoshi, akayarefusha zaidi kwa tupa ndogo ya duara, kisha akatia washa ya karatasi ngumu chini ya kila skrubu. Alizikaza mpaka zikagusa, halafu akazirudisha nyuma robo mzunguko.

"Usije ukazikaza," akaniambia.

Ule wa zamani sikuutupa. Uko kwenye sinia wazi karibu na dirisha la stoo, mbali na negativu za picha za marehemu baba, ambazo nazo ni asetati na zingeambukizwa mvuke wake. Umeinuka sasa milimita 12. Na redio, jioni nikiiwasha, kama dakika kumi na tano baada ya valvu kushika moto, hutoa mlio mdogo upande wa kulia wa uso wake, "tik", wavu mpya unapoteleza kwenye tundu lake refu. Nikiizima, hulia tena ukirudi.